Santuri ya bibi niliyoiharibu kwa spiriti, na 41 nilizoziokoa

Wiki iliyopita dada mmoja wa Wete, Pemba, aliniandikia. Marehemu baba yake amemwachia kasha la santuri, ukungu mweupe umetanda juu ya sahani, naye keshanunua chupa ya spiriti. "Kaka, nipanguse kwa pamba au kwa kitambaa?" Sikungoja kuandika. Nilimpigia simu hapo hapo nikamwomba aiweke chupa chini.

Mimi yangu niliipangusa miaka sita iliyopita, chumbani kwa bibi, Mkunazini, Unguja. Ilikuwa sahani ya inchi 10, lebo ya HMV yenye mbwa anayesikiliza gramafoni, kampuni ileile ambayo Siti binti Saad aliirekodia Bombay mwaka 1928. Bibi alikuwa akiihifadhi ndani ya khanga, chini kabisa ya kasha, na siku hiyo alinitolea mwenyewe kwa sababu nilimwahidi kwamba ataisikia kwenye simu. Nikachovya pamba, nikapangusa kwa kuzungusha. Pamba ikatoka nyeusi. Nikafurahi, nikaona uchafu wa miaka mingi unaondoka. Ya pili ikatoka nyeusi zaidi. Ya tatu ikanasa. Nilipoiinamisha sahani kwenye mwanga wa dirisha, ule mng'aro wa mistari ulikuwa umekufa, na vidole vyangu vinanata. Kilichokuwa kikitoka hakikuwa uchafu. Ilikuwa santuri yenyewe.

Santuri za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, nyingi si plastiki. Ni shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi uliochanganywa na unga wa mawe, na ni ndugu wa lakiri ya kupigia mihuri. Spiriti huiyeyusha. Mafundi seremala wanalijua hilo tangu zamani, maana ndivyo wanavyopata polishi ya fanicha. Mimi sikulijua, na aliyenishauri nitumie spiriti hakulijua pia.

Bibi hakunigombeza. Aliichukua, akaifunga tena kwenye khanga yake, akairudisha kasheni. Mpaka anafariki hakunitajia tena neno santuri. Angenipigia kelele ningepumua.

Baada ya hapo niliogopa kuzigusa. Nne nikazipeleka studio moja mjini zigeuzwe kuwa faili za kompyuta, nikalipa, nikarudishiwa MP3 zilizokatwa mwanzo na mwisho, na sahani moja ina ufa ambao haikwenda nao. Ndipo nikasema basi, kazi hii nitaifanya mwenyewe nyumbani, hata ikinichukua miaka. Imenichukua miaka. Miezi ya kuungaunga waya nawarukia, lakini mambo matatu lazima niyaseme.

La kwanza ni sindano. Mfereji wa santuri ya 78, yaani ule mstari inamopita sindano, ni mpana. Sindano yake huwa kama mikroni 75, wakati ya LP, zile santuri za plastiki zilizokuja baadaye, ni kama 25 au chini ya hapo. Ukiweka sindano ya LP juu ya 78, inazama chini ya mfereji na kuburuza vumbi la miaka yote, nawe utadhani santuri imekufa. Mimi nilizihesabu tisa kuwa zimekufa. Siku nilipopata sindano yake, saba zikafufuka. Nilikaa sakafuni nikalia, na sioni haya kusema.

La pili ni mwendo. Kinanda nilichonunua, yaani mashine ya kuchezea santuri, kina mizunguko 33 na 45 tu. Usihangaike kutafuta kingine ikiwa huna uwezo. Cheza kwa 45, rekodi, kisha ndani ya Audacity, ambayo ni programu ya bure, badilisha mwendo kutoka 45 kwenda 78. Sauti inarudi mahali pake. La tatu ni ule mngurumo wa umeme unaosikika chini ya muziki: funga waya wa ethi wa kinanda kwenye amplifaya. Wiki nzima niliulaumu umeme wetu, kumbe ni waya mmoja mwembamba uliokuwa ukining'inia.

Hapo nikaingia kosa jingine, la kiburi. Nilijifunza kuondoa kelele kwa programu, nikaondoa, nikaondoa, mpaka ule mkwaruzo wote ukatoweka. Nikampelekea ami yangu, mzee aliyepiga fidla kwenye taarab ujana wake wote. Alisikiliza nusu dakika, akavua miwani.

"Huyu mpiga udi umemtia ndani ya pipa, mwanangu."

Nikamchezea ile ambayo sijaigusa, na mikwaruzo yake yote. Akafumba macho, mkono wa kushoto ukaanza kutafuta nyuzi gotini. Tangu siku hiyo naweka faili la asili kama lilivyotoka, kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza sauti, biti 24, vilele vya sauti visipite desibeli -6. Ukitaka kusafisha, safisha nakala. MP3 ni ya kutumiana WhatsApp tu.

Na kuosha? Brashi laini kwanza. Kisha maji yasiyo na chumvi, kama yale ya kuongezea betri (si asidi, soma chupa), na tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ufuate mzunguko wa mistari, lebo isilowe. Maji yetu ya bomba yakikauka huacha unga mweupe mferejini. Kausha kivulini. Na spiriti usitie. Nitalirudia mpaka mnichoke: kwenye 78 usitie spiriti.

Ndugu zangu, unyevu wa visiwa hivi haumsubiri mtu. Kila masika ukungu unaongezeka. Upande mmoja wa inchi 10 ni dakika 3 na kidogo, muda wa kusubiri chai ichemke, nasi tunasema tutafanya Ramadhani ikiisha, tutafanya watoto wakifunga skuli. Wazee wanaoweza kutuambia ni nani anayeimba wanaondoka. Anza na iliyo na ufa, kwa maana hiyo ndiyo haitakungoja. Nakala moja kaa nayo, nyingine mpe ndugu aliye mbali. Nakala za zangu 41 ziko Unguja na ziko Chake.

Ya bibi nimeirekodi mwezi uliopita. Dakika mbili za mwanzo ni kishindo kitupu, kama mvua juu ya bati. Halafu karibu na lebo, ambako pamba yangu haikufika, ganuni inatokea, na mwanamke anamalizia ubeti wa mwisho. Sekunde 50. Sikusafisha chochote. Faili nimelipa jina la bibi.