Kwa Msomaji Aliyefukuzwa Chooni na Kamera Yake

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akitaka kujua ninavyopata ruhusa ya kupiga picha katika vyoo vya baa, kwa kuwa yeye amekwisha kufukuzwa mara mbili. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana mimi nimefukuzwa mara nyingi zaidi, na ile ya kwanza niliistahili.

Ilikuwa Sinza, Jumamosi, yapata saa nne usiku, nami nilikuwa nimesimamisha stendi ya kamera mbele ya mkojoleo bila kumwambia mtu. Mzee mmoja aliingia akiwa tayari anafungua mkanda, akaiona lenzi, akapiga kelele ambazo hata muziki haukuzimeza, na mlinzi akanitoa nje kwa ukosi wa shati. Tangu siku hiyo naenda asubuhi za katikati ya wiki, kabla wateja hawajaanza kuingia. Naagiza soda kaunta, namwonyesha meneja picha nilizokwisha kuzichapisha, na hata akikubali nabisha hodi kwenye kila mlango kabla ya kufungua begi.

Ruhusa, hata hivyo, ina mtego wake. Katika baa moja dada wa usafi aliniambia, "Kaka, subiri kwanza nipige deki, utatuaibisha," nami kwa adabu nikasubiri, nikaishia na picha ya vigae vilivyolowa tu. Nilirudi wiki iliyofuata nikamwomba asiguse kitu. Sabuni ilikuwa ikining'inia bombani ndani ya wavu wa vitunguu ili wateja wasiondoke nayo, na ukutani, chini ya maneno "Usikojoe kwenye sinki, faini 50,000", mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: "Sina, nidai."

Upande wa ufundi ni mfupi. Kwa umeme wetu wa hezi 50, taa za tyubu hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) ya kasi hukuachia mistari kwenye picha. Tumia shata ya 1/50 ya sekunde au taratibu zaidi, tundu la lenzi f/8, wepesi wa kuhisi mwanga ISO 100, kamera ikiwa juu ya stendi. Ule ukijani wa taa naupunguza, siufuti.

Picha hiyo ya sabuni ilikuwa miongoni mwa 12 nilizompelekea msimamizi wa ukumbi mmoja wa maonyesho. Hakufika hata ya tano, akaniuliza kwa nini ninaiaibisha nchi. Ningeweza kumwambia kwamba mpiga picha Mmarekani Edward Weston alipiga picha bakuli la choo cha nyumba aliyoishi Mexico mwaka 1925, na kwamba mwaka 2013 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilijenga upya choo cha CBGB, klabu ya muziki wa panki (punk) ya jiji hilo iliyofungwa mwaka 2006, ndani ya maonyesho ya mavazi ya panki. Yote hayo nilimjibu kwa ufasaha mkubwa nikiwa ndani ya daladala, peke yangu.

Ndugu zangu, macheo ya Coco Beach yamepigwa picha ya kutosha. Ingieni mahali ambapo watu hawajipambi, lakini ingieni kwa hodi, na mkitoka rudisheni nakala. Ile niliyompelekea meneja ameitundika kwenye korido ya kuelekea chooni, na dada wa usafi huifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kwenda kujaza sabuni kwenye wavu.