Fundi, kompyuta yangu inaamka yenyewe usiku

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Tabata, Dar, nimejiungia kompyuta ya mezani mwenyewe, Ryzen 5 3600 kwenye madabodi ya B450, RAM vijiti viwili vya gigabaiti 8 nilivyonunua kwa nyakati tofauti, Windows 10. Nikiilaza slipu usiku asubuhi naikuta iko macho feni zinazunguka, na siku nyingine ndo balaa zaidi, nabonyeza kibodi feni zinawaka ila skrini nyeusi tii mpaka niizime kwa nguvu. Jamaa wa dukani kasema ninunue pawasaplai mpya. Ninunue?

JIBU: Hela yako kaa nayo kwanza mdogo wangu. Hayo ni matatizo mawili tofauti na usiyachanganye.

Hilo la kuamka yenyewe halihitaji kubahatisha, unaiuliza mashine. Ukiikuta macho, kabla hujagusa kingine, fungua Command Prompt kama admini uandike powercfg /lastwake, itakutajia nani kaiamsha. Mara nyingi ni kadi ya netiweki au maus, na hizi maus bwana, lori likipita nje meza ikatikisika kidogo tu, kazi imekwisha. Nenda Device Manager, fungua hicho kifaa, kwenye Power Management toa tiki ya kukiruhusu kiamshe kompyuta. Kibodi iache. Kama lastwake haikupi jibu la maana, andika powercfg /waketimers uone saa zilizotegwa, maana apdeti za Windows zina hako katabia ka kuamsha watu usiku wa manane, hizo saa unazizima kwenye Power Options, mipangilio ya ndani kabisa, pale Allow wake timers.

Sasa la skrini nyeusi. Ikitokea tena usikimbilie kuzima, bonyeza Num Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, mashine iko hai, kinachogoma ni picha, jaribu Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, hiyo inaanzisha upya draiva ya grafiksi, picha ikirudi basi badilisha draiva. Taa isipocheza, mashine imeganda, na hapo mimi macho yangu yanaenda kwenye RAM. Kompyuta ikilala karibu kila kitu kinakatiwa umeme isipokuwa RAM, inalishwa na ile laini ndogo ya volti 5 ya pawasaplai, halafu ikiamka BIOS, ile programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha mashine, inabidi iirudishe RAM kwenye spidi ile ile ya mwanzo. We una vijiti ambavyo havikutoka boksi moja, na naweka dau umewasha XMP, ule mpangilio wa BIOS wa kukimbiza RAM kuliko spidi yake ya kawaida, ukavilazimisha spidi ya 3200. Mchana vinapiga kazi bila shida, ila kwenye kuamka ndo vinashindwa. Zima XMP, tumia hivyo siku mbili tatu huku unailaza na kuiamsha. Ikitulia, apdeti BIOS halafu uiwashe tena XMP, ikigoma weka 2933 kwa mkono, kwenye gemu hiyo tofauti wala hutaisikia.

Jamaa wa dukani hajadanganya, laini ya volti 5 ikichoka inaweza kuleta haya haya, ila yeye kaanzia mwisho, tena pa gharama. Na kwa vile umeme wetu unaujua, angalia hybrid sleep iwe imewashwa, inaweka nakala ya RAM kwenye diski kwa hiyo umeme ukikatika mashine imelala kazi yako haipotei.

SWALI: Fundi, mimi wa Mombasa. Nikizima desktopu kabisa, si slipu, taa za kibodi na maus zinabaki zinawaka usiku kucha, chumba kama disko. Zinanila stima?

JIBU: Zinakula dada, ila kidogo sana. Ni ile ile laini ya volti 5, inabaki hai muda wote waya ukiwa ukutani. Ingia BIOS utafute ErP, mpangilio wa kubana umeme mashine ikiwa imezimwa, iwashe, mashine ikizimwa itatumia chini ya wati 1 na taa zitakufa. Ila kama huwa unaiwasha kwa kibodi au kutoka mbali kwa netiweki, hiyo usahau, itabidi ubonyeze kitufe cha kwenye kesi.