Mchuchumio na Mgongo: Wataalamu wa Viungo Wanajibu

SWALI: Nafanya kazi mapokezi na kanuni za ofisi zinataka tuvae viatu vya kisigino. Vyangu vina sentimita 9 na navivaa kutwa nzima. Ikifika saa tisa alasiri kiuno kinawaka moto. Mwenzangu anasema uti wangu wa mgongo umeshapinda. Ni kweli?

JIBU: Hapana, dada. Kiatu hakipindishi pingili za mtu mzima. Kinachobadilika ni namna misuli inavyoushika uti wa mgongo muda wote ambao kiatu kiko mguuni, na maumivu yako yanaanzia hapo.

Kisigino kikiinuka, mwili hutaka kuelemea mbele. Ili usianguke, ni lazima sehemu fulani irudi nyuma, na kila mtu ana yake. Mmoja hubinua kiuno, mwingine hukunja magoti kidogo, wa tatu husukuma kifua nyuma na kichwa kikachomoza mbele. Kwa hiyo ile michoro ya mwanamke aliyebinuka kiuno kupita kiasi isikutishe. Wapo waliopimwa wakakutwa kiuno kimenyooka kuliko wanapokuwa peku. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba ile misuli mirefu ya kandokando ya uti wa mgongo hufanya kazi zaidi kadiri kisigino kinavyopanda. Ikikaza saa nane mfululizo, lazima ilalamike. Kwa wale wanaobinuka kuna la ziada: viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili tano za kiuno hubanana, na maumivu huzidi ukisimama, hupungua ukikaa au ukiinama.

Jipime. Simama peku, mgongo ukutani, visigino sentimita 5 kutoka ukutani, makalio na mabega yakigusa ukuta. Pitisha kiganja nyuma ya kiuno. Kikipita kwa kubanwabanwa, uko sawa. Vaa viatu, rudia. Kama sasa hata ngumi inapita, wewe ni wa kubinuka: jizoeze kukaza tumbo kidogo na kushusha makalio unaposimama. Kama nafasi haikuongezeka, tazama magoti yako kwenye kioo, huenda ndiyo yanayobeba mzigo.

Kuhusu kiatu chenyewe, usiangalie urefu wa kisigino peke yake, angalia mteremko. Pima kisigino, toa unene wa soli ya mbele. Kisigino cha sentimita 9 chenye soli ya sentimita 1 kina mteremko wa 8. Chenye soli ya sentimita 3 kina mteremko wa 6, na mwili unasikia hiyo 6. Ila usiishie kuvaa raizoni nene kupindukia, kwani soli isiyokunjika huteguza kifundo kwa urahisi. Kwa anayesimama kutwa tunapendelea mteremko usiozidi sentimita 4. Na soma tena kanuni za ofisi yako: mara nyingi zimeandika kisigino, hazikuandika sentimita 9. Njiani vaa viatu vya chini, na ukiwa mezani vua, nyoosha miguu dakika mbili tatu kila baada ya nusu saa hivi.

SWALI: Niliacha visigino ghafla, nikahamia ndala na viatu bapa. Badala ya kupona, sasa shavu la mguu na nyuma ya kisigino vinauma kuliko mwanzo. Nirudi kwenye mchuchumio?

JIBU: Usirudi juu kabisa, panda nusu njia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwapima wanawake waliovaa visigino vya sentimita 5 au zaidi kwa angalau miaka miwili: nyuzi za misuli ya shavu la mguu zilikuwa fupi kwa takriban asilimia 13, na kano ya kisigino ilikuwa ngumu zaidi. Mguu wa namna hiyo ukiushusha chini siku moja, kano huvutwa kwa nguvu isiyoizoea. Shuka sentimita 1 au 2 kila baada ya wiki mbili tatu, ukomee kwenye kisigino cha sentimita 2 hivi. Kiatu bapa chenye soli nyembamba sana hakimfai mtu anayetoka kwenye mchuchumio.

Wakati huohuo nyoosha misuli kila siku. Tazama ukuta, weka mikono juu yake, peleka mguu mmoja nyuma, goti limenyooka na kisigino kimekandamiza sakafu. Egemea mbele hadi usikie shavu la mguu likivutika, hesabu sekunde 30, mara tatu kila mguu. Kisha rudia ukiwa umekunja goti la nyuma, maana kuna msuli wa ndani zaidi ambao goti likinyooka hauguswi vizuri. Kosa tunaloliona kila mara ni vidole vya mguu wa nyuma kugeukia nje. Hapo unyayo huporomokea ndani na msuli haunyooki. Vidole vitazame ukuta.

Baada ya wiki mbili ongeza nguvu: simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, shika ukingo, inuka kwa miguu yote miwili, shuka polepole kwa kuhesabu hadi tatu. Mara 10, mizunguko mitatu, siku moja ndiyo, moja hapana. Kama nyuma ya kisigino panauma, usishushe visigino chini ya usawa wa ngazi kwanza. Kuvutika ni sawa, kuchoma si sawa.

SWALI: Kisigino kipana ni salama kuliko chembamba?

JIBU: Kwa kifundo, ndiyo, hauyumbi. Kwa goti, hapana. Vipimo vilivyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1998 na 2001 vilionyesha nguvu inayokandamiza upande wa ndani wa goti ikipanda kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na kutembea peku, na kisigino kipana hakikuwa na nafuu. Kagua pia mpira wa chini ya kisigino. Ukilika upande mmoja, kila hatua inakupindisha kifundo. Mpe fundi abadilishe wa viatu vyote viwili, hata kama mmoja bado mzima. Ukisikia msumari ukigonga sakafu, umeshachelewa.

SWALI: Nina mimba ya miezi sita. Niache kabisa?

JIBU: Visigino virefu, ndiyo, mama. Tumbo limeshakuvuta mbele na kano zinazoshikanisha mifupa ya nyonga zimelegea. Hakuna haja ya kuongeza hatari ya kuanguka. Sentimita 2 hadi 3, kisigino kipana, mkanda wa kushika kifundo.

SWALI: Napata ganzi mguuni nikivaa viatu vyenye ncha. Ni mgongo?

JIBU: Inategemea ganzi iko wapi. Ikiwa kati ya kidole cha tatu na cha nne, na inapungua ukivua kiatu na kusugua, kuna uwezekano mkubwa mshipa wa fahamu unabanwa mbele ya unyayo: tafuta kiatu kipana mbele. Ikiwa inaanzia makalioni na kushuka nyuma ya paja hadi chini ya goti, tena inazidi ukikohoa au kupiga chafya, hapo tunauangalia mgongo, na kubadilisha viatu peke yake hakutoshi, muone daktari. Lakini ukipata ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa au mkojo ukagoma kutoka, au unyayo ukawa unaburuzika, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.