Fonti ya pikseli kwenye bango la gemu: kichwa ndiyo, maelezo hapana

Ndugu yangu, umeuliza kama bango la mashindano yenu ya gemu hapo Mwembe Tayari, Mombasa, laweza kuandikwa lote kwa Press Start 2P, fonti ya herufi zilizojengwa kwa pikseli, yaani vidoti vya mraba. Kichwa andika, kitapendeza mno. Maelezo ya chini usiandike. Nimeitumia kwa mabango ya vijana wa Kisauni na Likoni, na ni fonti niipendayo kwa dhati.

Asili yake ni herufi za mashine za gemu za Namco, kampuni ya Kijapani, za miaka ya 1980. Kila herufi ilikaa kwenye kiboksi cha pikseli 8 kwa 8. Kumbukumbu ya mashine zile ilikuwa finyu, na kwa mpango huo herufi nzima ya rangi moja yaweza kutosha kwenye baiti 8 tu. Uzuri wake umezaliwa humo humo kwenye ubanaji.

Kwa hiyo saizi zake ni 8, 16, 24, 32 na kuendelea hivyo. Ukiweka 20 kwenye skrini, pikseli zinakatwa vipande na kingo zinaingia ukungu. Ukiihifadhi kama picha, zima ulainishaji wa kingo (anti-aliasing), na ukikuza, kuza mara 2 au 3 kamili. Mchapaji mpelekee PDF yenye herufi zenyewe, si picha iliyopita mikononi mwa watu kwa simu ikabanwa njiani.

Kubwa zaidi ni Kiswahili chetu. Kwenye fonti hii kila herufi, hata i, huchukua upana sawa, na maneno yetu ni marefu. TUTAWAKARIBISHA ni herufi 15; kwa saizi 24 ni pikseli 360, ambao ndio upana mzima wa skrini ya simu nyingi kwa kipimo cha kurasa za wavuti. Hakuna hata pambizo! Chagua CHEZA, NJOO, LEO. Hata jina la kanga huandikwa kwa herufi kubwa likasomeka kwa mbali, lakini ni sentensi moja tu.

Tarehe, kiingilio na mahali weka fonti ya kawaida. Ukitaka ladha ya kale isipotee, jaribu VT323, iliyotokana na skrini za terminali za kompyuta za zamani za kampuni ya DEC: ni nyembamba, inasomeka vizuri zaidi.

Zote mbili ni huru hata kwa kazi ya biashara, mradi usiuze faili la fonti peke yake.

Kabla ya kuchapisha yote, bandika nakala moja ukutani, vuka barabara, uisome kutoka ng'ambo.