Tanga la Ndani Kwenye Mashua ya Kata: Niliyojifunza Kati ya Kilifi na Tanga

Mtu aliyelelewa kwenye dau hushangaa kidogo anapopanda kata kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mashua hii ina mlingoti mmoja lakini hubeba matanga matatu: kubwa nyuma ya mlingoti, na mawili mbele yake, moja nyuma ya lingine. La mbele kabisa hukaa kwenye waya unaoteremka hadi ncha ya omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua. La pili, ambalo ni dogo zaidi, hukaa kwenye waya wa ndani, katikati ya omo na mlingoti. Wazungu huliita steiseli. Sisi, kwenye kata ya futi 36 iliyokuwa ikitia nanga Kilifi na ambayo niliifanyia kazi ya ubaharia, tulilizoea kwa jina la tanga la ndani.

Msimu wangu wa kwanza nililidharau. Nilidhani kazi yake ni kuongeza mwendo, na mwendo uliopatikana kwalo ulikuwa haba. Sikuwa nimelinganisha na nilichokijua tangu utotoni: upepo ukizidi, nahodha wa jahazi hushusha foromali, ule mti unaobeba tanga, na kubadilisha tanga kubwa kwa dogo, kazi inayotaka mikono mingi huku chombo kikisukumwa kitakako upepo. Kwenye kata tanga dogo liko juu tayari. Linaloondoka ni la mbele. Kwa mpango huo, kata za marubani wa Bristol Channel, Uingereza, yaani waongozaji wa meli zinazoingia bandarini, ziliendeshwa na watu wachache mno, na rubani akishapanda meli, aliyebaki aliweza kuirudisha mashua peke yake. Kwa hiyo ushauri wangu wote hapa umejengwa juu ya jambo moja: lifunge tanga hili kama lile litakalobaki wakati mengine yameshushwa.

Anza kwa kutazama chini ya sitaha. Waya wa ndani huivuta sitaha kwenda juu kwa nguvu kubwa, na kibao cha chuma kilichofungwa kwa bolti juu ya sitaha tupu hakitoshi. Kwenye kata yetu, fundi aliyeweka waya huo kabla yangu aliishia hapo hapo. Tulianza kuona maji yakidondoka juu ya kitanda cha mbele, kisha mlango wa chumba hicho ukakataa kufunga, na tulipoweka ubao ulionyooka juu ya sitaha tukakuta imevimba kiasi cha unene wa kidole. Dawa ilikuwa fimbo ya chuma cha pua kutoka kwenye kibao hicho, kupitia chumbani, hadi kwenye kiunzi cha omo, ikakazwa kwa skrubu ili mzigo ubebwe na mwili wa mashua. Ukinunua kata, fungua kabati la mbele na uitafute fimbo hiyo, au ukuta imara unaofanya kazi yake, kabla ya kusifia rangi.

Upande wa juu una mahitaji yake. Waya wa ndani haufiki kileleni mwa mlingoti. Huishia chini yake, na hapo huuvuta mlingoti kwenda mbele. Ndiyo maana kuna kamba mbili za nyuma zinazofungwa kwenye kiwango hicho hicho, moja kila upande, ambazo hukazwa na kulegezwa kwa zamu. Ile ya upande wa goshi, yaani upande upepo unakotoka, ndiyo inayokazwa. Usipoikaza, mlingoti hupinda katikati, waya hulegea, na tanga huvimba tumbo wakati ule ule unapotaka liwe bapa; baharini penye mawimbi mafupi mlingoti huanza kutikisika mbele na nyuma, na ukishausikia mtikisiko huo miguuni hutausahau. Zipo kata ambazo nyaya za ubavuni zimerudishwa nyuma kiasi cha kufanya kazi hiyo, lakini usikisie. Muulize fundi wa milingoti.

Kuhusu namna ya kulipandisha, mimi napendelea vishikizo vya shaba vinavyovaliwa kwenye waya kuliko kifaa cha kuviringishia. Tanga lililoviringishwa nusu hubaki na tumbo, ilhali hili ni dogo na mtu mmoja analimudu. Ukilegeza henza, yaani kamba ya kulipandishia, huanguka lenyewe, mradi vishikizo vimeoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kupakwa mafuta kidogo. Henza iwe ya kamba isiyonyumbuka. Ikaze mpaka mikunjo ya ulalo kwenye ukingo wa mbele ipotee. Ukiona mkunjo mmoja mrefu umesimama sambamba na waya, umezidisha.

Baadhi ya kata hufunga boriti fupi chini ya tanga hili ili ligeuke lenyewe. Ni raha hadi siku utakapokuwa omoni ukishughulikia nanga. Yetu ilinipiga goti, nikachechemea wiki mbili, na mwenye mashua akaiondoa bila kubembelezwa.

Baada ya hapo ziko demani, kamba za kuvutia pembe ya nyuma ya tanga. Zipitishe ndani ya nyaya za ubavuni. Kuhusu kapi inayoelekeza kamba hiyo, tazama vipande vya uzi vilivyoshonwa karibu na ukingo wa mbele huku ukiisogeza mashua polepole kuelekea upepo: vya juu vikianza kuchezacheza kabla ya vya chini, isogeze kapi mbele, vya chini vikitangulia, irudishe nyuma. Kosa la kawaida, na langu la muda mrefu, ni kukaza kupita kiasi. Upepo unaotoka kwenye tanga la ndani lililobanwa hupiga mgongo wa tanga kubwa, likaanza kuvimba upande usiotakiwa karibu na mlingoti. Legeza kiasi cha kiganja, utazame tena. Upepo ukiwa wa nyuma lishushe, kwa sababu tanga kubwa hulifunika.

Wakati wa kupiga bisho, yaani kugeuza omo ipite kwenye upepo, tanga la mbele hulazimika kupenya kwenye nafasi nyembamba kati ya nyaya mbili, na hukwama. Kaza kwanza kamba ya nyuma ya upande utakaokuwa goshi, kisha geuza huku demani ya tanga la ndani ikiwa bado imefungwa. Tanga hilo litapigwa upepo kwa mgongo, litaisukuma omo izunguke, na la mbele litateleza juu yake. Likishapita, ndipo ufungue.

Nililiheshimu kabisa mwezi wa Julai, tulipokuwa tukienda Tanga kwa ubishi dhidi ya kusi na mkondo unaokwenda kaskazini. Kusini ya Shimoni upepo ulifika kama kilomita 45 kwa saa. Tuliviringisha la mbele lote, tukapunguza tanga kubwa mara mbili, na usukani ukawa mwepesi, kwa kuwa nguvu yote ya upepo ilikuwa imesogea karibu na mlingoti. Giza likatukuta kabla ya mlango wa Tanga, na kuingia kati ya miamba usiku hakukuwa na maana. Kwa hiyo tuliisimamisha mashua: tanga la ndani likavutwa upande wa goshi, kubwa likalegezwa, usukani ukafungwa wa kuielekeza mashua kwenye upepo. Mashua haisimami kabisa katika hali hiyo. Huelea kwa kuchukuliwa polepole, na kusi huchukua kuelekea pwani. Tulisogea kwanza mbali, katikati ya mlango wa bahari wa Pemba, tukauweka upepo upande wa kulia ili ile hatua ndogo ya mbele itutoe nje, na tukapeana zamu za saa tatu tatu kupima mahali tulipo. Mwenye mashua alipika ugali, na sufuria haikuteleza.

Asubuhi tulikuta mkondo umeturudisha kaskazini, na demani imesagika ngozi yake pale ilipokuwa ikisuguana na waya wa ubavuni usiku kucha. Tangu siku hiyo mimi hubeba kipande cha mpira wa maji cha urefu wa mkono, kilichopasuliwa upande mmoja, nacho huvalishwa kamba hiyo kabla ya jua kuzama.