Jibu: Gego limeng'olewa, niweke daraja au niache pengo?

Dada, umeuliza mambo mawili na majibu yake hayafanani. Gego la chini liling'olewa miezi minne iliyopita, na daktari anataka kukuwekea daraja la meno matatu. La juu nalo lilisafishwa mizizi na kuzibwa, kisha ukaambiwa uongeze kofia, yaani ganda gumu linalofunika jino lote, ukashuku ni njia ya kukukamua pesa. Nianze na hilo la juu kwa kuwa ni fupi: weka kofia.

Gego likifikia kusafishwa mizizi, huwa tundu limeshalila vya kutosha, halafu daktari naye akalitoboa katikati ili aifikie mizizi. Kinachobaki ni kuta nyembamba pembeni na dawa ya kuziba katikati. Kila unapotafuna, kuta hizo zinasukumwa kwenda nje, na siku zikipasuka hadi chini ya ufizi hakuna wa kuliokoa. Kofia inazifunga pamoja. Mwenzangu wa karakana alilipuuza lake karibu mwaka mzima. Lilipasuka vipande viwili akitafuna mahindi choma pale stejini, likang'olewa. Lingekuwa jino la mbele lenye tundu dogo ningekwambia uulize kwanza kama kuziba kunatosha, maana mara nyingi kunatosha. Kwa gego usicheze.

Sasa daraja. Hapa nina maneno mengi, na mengine ni ya uchungu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, Kariobangi. Mwaka 2014 niliuma kijiwe kwenye githeri ya kibanda, gego la kwanza la chini kushoto likapasuka hadi mzizini. Likang'olewa. Daktari wa kliniki niliyokuwa nikienda akaniambia dawa ni daraja: jino la mbele ya pengo na la nyuma yake yanachongwa na kuvishwa kofia, na jino la bandia linaning'inia katikati likiwa limeshikana na kofia zote mbili. Ndiyo maana unaona pengo ni moja lakini bei inahesabiwa meno matatu. Nilikubali papo hapo. Mimi huyu, ambaye mteja akija kuagiza geti namuuliza maswali mpaka anachoka, sikuuliza hata moja.

Kuchonga maana yake jino linapunguzwa kama milimita moja hadi mbili kuzunguka lote, ili kofia ipate nafasi ya kukaa. Baada ya kuchongwa nilipewa kioo nijitazame. Meno yangu mawili ambayo hayakuwahi kuwa hata na tundu yalikuwa vigingi viwili vya manjano, kama punje za mahindi zilizomenywa. Nilinyamaza tu. Meno hayo hayaoti tena.

Nikavishwa daraja la muda la plastiki wakati la kudumu likitengenezwa maabara. La muda hubandikwa kwa gundi dhaifu makusudi, ili litoke kwa urahisi siku ya kubadilisha. Langu halikungoja siku hiyo, lilitoka Jumamosi usiku nikila mutura. Likikutokea, lioshe, lifunge kwenye kitambaa na umpigie daktari simu. Usibandike kwa gundi ya viatu! Najua mtu aliyefanya hivyo, na ufizi wake ulivimba wiki nzima.

Lile la kudumu lilikaa vizuri, nikasahau kwamba nina daraja. Kosa langu lilikuwa hapo. Hakuna aliyenieleza kwamba chini ya lile jino linaloning'inia chakula kinaingia, na mswaki haufiki. Uzi wa meno nao hauwezi kushuka kutoka juu kwa sababu meno yote matatu yameshikana. Unatakiwa uupenyeze kutoka ubavuni, kwa kisindano cha plastiki au ule uzi wenye ncha ngumu, upite chini ya daraja na usugue ukuta wa kila jino. Mimi nilipiga mswaki kama kawaida kwa miaka mitano.

Mwaka 2019 mke wangu alianza kugeuza uso nikimsogelea. Baadaye maji baridi yakaanza kunichoma. Nilienda kwa daktari mwingine, mwanamama mpole. Alipenyeza uzi chini ya daraja, akauvuta, akaninusisha bila kusema neno. Ulikuwa wa kahawia, unanuka kama maji ya ndoo yaliyosahauliwa na kitambaa cha kupigia deki ndani yake. Picha ya eksirei ikaonyesha jino la nyuma limeoza pale kofia inapoishia, karibu na ufizi.

Nikaelewa kwa lugha ya kazi yangu. Kutu haianzii katikati ya bati lililopakwa rangi, inaanzia kwenye maungio, mahali maji yanapotulia. Porseleni, ile kauri nyeupe kama ya vikombe inayofunika kofia, haiozi. Linalooza ni jino lako mwenyewe lililo chini yake, na unachelewa kuliona kwa sababu limefunikwa.

Daraja likakatwa vipande kwa mashine. Jino la nyuma halikuokoka, la mbele likapata kofia mpya. Leo nina pengo la magego mawili mahali palipokuwa na pengo la moja, na navaa meno ya bandia ya kutoa usiku.

Sisemi daraja ni baya. Shemeji yangu ana lake, linapita miaka kumi na mbili sasa, na anapenyeza uzi kila usiku. Lakini meno yake yaliyobeba daraja yalikuwa tayari yamezibwa pakubwa, yangehitaji kofia hata bila pengo. Swali lako kwa daktari liwe hilo: majirani wa pengo wana hali gani? Kama yamezibwa pakubwa, daraja lina maana. Kama ni mazima, mimi singekubali yaguswe kabla ya kuulizia jino la kupandikizwa, yaani skrubu ya titani inayoingizwa kwenye mfupa wa taya. Ni ghali na inachukua miezi, ila haimgusi jirani. Kama mfuko haufiki huko, bandia ya kutoa si aibu. Kuacha pengo pia kunawezekana, ila meno ya jirani huweza kuinama kulielekea na la juu yake kushuka, kwa hiyo ukiamua kungoja, liangaliwe mara kwa mara.

Aina za kofia zisikusumbue sana. Ya chuma kilichofunikwa porseleni na ya zirkonia, aina ya kauri ngumu sana, zote zinafanya kazi, na kwa gego lisiloonekana usilipie urembo. Kama rangi ni muhimu kwako, ichaguliwe kabla ya kuchonga, karibu na dirisha. Jino likikaa wazi kwa muda hukauka na kuonekana jeupe kuliko lilivyo. Hasa kama umekulia Nakuru au Naivasha, ambako maji ya visima yenye floraidi nyingi huacha meno na rangi ya kahawia, kofia nyeupe pepe itaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Siku ya kubandikwa, utauma karatasi ya rangi ili waone kofia inagusa wapi. Ganzi hukudanganya hapo. Ikiisha, ukihisi jino hilo linatangulia mengine kugusana, rudi likwanguliwe hata kama ni kesho yake. Usijizoeshe.

Kuhusu pesa, Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kule barabara ya Argwings Kodhek, wanafunzi wanatibu chini ya walimu wao. Jipange tu kwa safari nyingi. Kama una bima, soma karatasi yake kabla, nyingi zina kikomo cha meno na baadhi hazilipii kofia wala madaraja. Na jina la daktari lilinganishe na orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno Kenya, ipo mtandaoni.

Ukishapiga picha, rudi utuambie majirani wa pengo wana nini. Na siku ya kofia ya juu kula kwanza ushibe, maana ukila ganzi haijaisha utajiuma shavu, na kidonda chake kinauma kuliko jino lenyewe.