Anza na kina, upana baadaye

Ndugu, umeuliza kama ununue stendi ya kioo au seremala akutengenezee rafu ya televisheni, amplifaya, dekoda na spika mbili. Mimi ningemwita seremala. Ila kabla hajashika msumeno, pimeni kina, maana hapo ndipo wengi hukwama. Amplifaya yenye kina cha sentimita 40 haienei kwenye rafu ya sentimita 40: nyuma kuna plagi na nyaya za spika, na waya uliokunjwa kwa nguvu huishia kukatika ndani kwa ndani. Ongeza sentimita 8 hadi 10.

Halafu joto, na hili nakusihi usilipuuze. Amplifaya nyingi hupumulia matundu ya juu. Iachie kama sentimita 10 juu yake, usiipandishie dekoda, na mgongo wa rafu ubaki wazi. Yangu niliifungia ndani ya kabati. Ikawa inajizima kila baada ya nusu saa, na ukigusa kifuniko unarudisha mkono haraka. Nilipong'oa ubao wa nyuma ikatulia.

Plaiwudi ya milimita 18 inafaa, lakini ubao ukizidi sentimita 80 weka nguzo katikati usije ukabonyea. Spika zipe stendi zake, twita (zile spika ndogo za sauti nyembamba) zikiwa usawa wa masikio ukiwa umekaa. Na kama kuna watoto nyumbani, rafu na televisheni zote zifungwe ukutani kwa skrubu.